Tupimwe Macho Kabla ya Msimu

Ndugu wanachama,

Wazee husema macho hayana pazia. Msemo huo ni kweli kwa kijana. Lakini mtu akishatimiza miaka 40 pazia huanza kushuka, polepole, na mwenyewe asijue. Sisi twaona wakati umefika wa chama chetu kulitazama jambo hili kama tunavyotazama majamvi na ngazi zetu kabla ya msimu.

Tuanze na uchambuaji. Kila msimu twasikia manung'uniko ya wanachama ambao karafuu zao zimeshushwa daraja kwa kuchanganyika na makonyo na mpeta. Lawama hupewa watoto, au usiku, au taa. Pengine kosa si la taa. Jicho la mtu mzima hupungukiwa na nguvu ya kuona kitu cha karibu. Na hilo si ugonjwa bali ni umri, na dawa yake ni miwani tu. Mwaka 2018 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa Assam, Bara Hindi, kwa wachuma chai 751 wa miaka 40 na zaidi. Nusu yao walipewa miwani mapema, nusu wakangoja mpaka uchunguzi umalizike. Waliopewa miwani walizidisha uchumaji wao kuliko wenzao kwa kiasi cha kilo 5 kwa siku. Chai si karafuu, lakini jicho la mchumaji ni lile lile.

Sasa tuseme juu ya upimaji wenyewe, maana wengi huuogopa kwa kutoujua. Mtu hukaa mita 6 mbele ya kibao chenye herufi zinazopungua ukubwa, akafunikwa jicho moja, kisha la pili. Kibao hicho alikitunga daktari Snellen wa Uholanzi mwaka 1862. Asiyejua herufi za kizungu asione haya: kipo kibao cha alama ya E iliyogeuzwa huku na huku, naye huonyesha kwa mkono miguu yake inaelekea wapi. Akiandikiwa 6/18, maana yake kile anachokiona mwenye macho mazima toka mita 18, yeye hana budi akisogelee mpaka mita 6. Hapana kisu wala sindano.

Lakini kibao peke yake hakitoshi. Presha ya jicho, yaani glakoma, aghalabu huanza kula pembeni na kuacha katikati; mtu aweza kuzisoma herufi za chini kabisa ilhali ubavuni haoni. Mtoto wa jicho hutolewa na mtu akaona tena, bali kilichochukuliwa na glakoma hakirudi. Huokolewa kilichobaki tu. Kwa hiyo mwanachama aombe pia kupimwa presha ya macho na kuangaliwa ndani ya jicho, hasa kama mzazi wake au ndugu yake wa tumbo moja ana glakoma. Na mwenye ugonjwa wa sukari asiache kuangaliwa kila mwaka.

Twajua kinachowazuia wengi, wala si uvivu. Mpandaji wa miaka 50 hudhani kwamba akionekana haoni vyema atakatazwa mkarafuu, na riziki yake ikatike. Hofu hiyo ina haki, nasi hatuwezi kuijibu kwa maneno matupu. Lakini tawi la mkarafuu ni jepesi kuvunjika, na asiyeona ubavuni hajui mguu wake auweke wapi.

Basi twapendekeza mambo matatu mbele ya mkutano mkuu. Kwanza, kila mwanachama aliyetimiza miaka 40 apimwe macho kabla ya msimu. Pili, chama kitenge fedha ya miwani kwa wasiojiweza. Tatu, yeyote atakayeshauriwa asipande apewe kazi ya chini, kama kupima pishi, kuanika au kuchambua, asiachwe mikono mitupu. Bila ya hili la tatu, mawili ya mwanzo hayatafaa kitu, kwani hapana atakayekuja kupimwa.

Sisi tunaoandika haya hatujafika umri huo, wala hatukusudii kuwafundisha wakubwa wetu. Twasema kwa sababu wakubwa hao ndio waliotuonyesha tawi la kukanyaga na la kuacha. Macho ni amana ya Mwenyezi Mungu, na amana hukaguliwa kabla haijapotea.

Wabillahi taufiki.

Katibu wa Chama