Waya wa Redio Ulio Nje ya Nyumba

Redio nyingi hutosheka na kijiti chake chenyewe. Lakini bondeni, au mbali na mitambo ya matangazo, mtu atakaye kusikia vizuri masafa ya kati na masafa mafupi hutundika waya nje ya nyumba, yaani eriali. Waya wa shaba wa mita 10 hadi 20, ulioinuliwa juu ya paa, hutosha. Ukizidi kuwa mrefu huongeza kelele, na redio ndogo za siku hizi huzidiwa nao.

Wako wanaoufunga kwenye mti mrefu kuliko yote shambani, nao huona wamepata faida. Mti huo ndio radi huuchagua! Wabaya zaidi ni wale waufungao kwenye nguzo ya umeme. Haifai kabisa eriali ipite juu wala chini ya nyaya za umeme, na iwe mbali nazo kiasi kwamba hata ikianguka haitazigusa.

Katika Kisii, Kakamega na Kericho, mvua za ngurumo huja mara nyingi alasiri. Radi moja huweza kuwa na nguvu za ampea 30,000, ilhali fyuzi ya taa za nyumbani huungua kwa ampea chache tu. Wala si lazima radi ipige waya wenyewe. Ikipiga mti wa jirani, nguvu zinazoingia katika eriali zaweza kuiharibu redio.

Kwa hiyo yapasa nguvu hizo zipewe njia ya kwenda ardhini kabla hazijafika dirishani. Hapo nje, ukutani, hufungwa kizuia radi, na kutoka kwake waya mnene wa shaba hushuka moja kwa moja, bila kukunjwa kwa pembe kali, mpaka kwenye nondo ya shaba ya mita 2 au zaidi iliyopigwa katika udongo wenye unyevu. Chini ya dirisha, waya uingiao ndani ulegezwe kidogo, ili maji ya mvua yadondoke nje.

Jambo lisahauliwalo na wengi ni hili: nyumba yenye umeme huwa tayari na waya wake wa ardhini. Nondo ya eriali isipounganishwa na waya huo, radi ipigapo nguvu za ardhi hizo mbili hutofautiana sana, na njia yao ya kukutana hupita ndani ya redio. Kuziunganisha ni kazi ya fundi wa umeme mwenye leseni.

Hata hivyo, radi ikipiga eriali yenyewe, kizuia radi hakitaiokoa redio. Mawingu yakianza kukusanyika, plagi ichomolewe na waya wa eriali uondolewe. Ngurumo ikisikika kabla ya sekunde 30 tangu umeme kumulika, radi i karibu, umbali usiozidi kilomita 10. Wakati huo asiuguse mtu waya huo, mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Nao uliokwisha kuondolewa usiachwe ukining'inia kando ya kitanda, bali uwe umetolewa nje na kufungwa kwenye waya wa ardhini mapema, kabla ya mvua.