Acheni Kukariri, Choreni Mishale!

Leo sina programu ya kuwaonyesha. Nina hasira.

Juzi nilikuwa nyumbani Ikonge, Nyamira. Mpwa wangu wa kidato cha tatu akaniletea swali la fizikia. Hata hajalisoma lote, akauliza: "Mjomba, hapa ni fomula gani?" Simlaumu yeye. Nalaumu mtindo wetu wa kumpa mtoto fomula kabla ya penseli.

Swali lenyewe tuliligeuza la kwetu. Kule Tabaka, Kisii, watu huchonga lile jiwe laini la vinyago. Chukua matufe mawili ya jiwe hilo, yamesuguliwa yakang'aa. Kila moja lina kipenyo cha sentimita 10 na uzito wa nyutoni 15. Yatie kwenye sanduku la upana wa sentimita 18: moja limekaa sakafuni kushoto, jingine limelala juu yake na kugusa ukuta wa kulia. Je, ukuta unasukumwa kiasi gani?

Vitu laini havina msuguano (ndivyo tunavyochukulia), kwa hiyo vikigusana husukumana tu, na msukumo hutoka kwenye uso kwa digrii 90. Kwa tufe, mshale huo hupita katikati yake. Sasa chora. Kutoka kitovu hadi kitovu ni sentimita 10: 8 za kwenda pembeni, 6 za kupanda.

Tufe la juu linabebwa na la chini peke yake. Basi 6/10 ya msukumo ni 15, na msukumo wote ni nyutoni 25. Sehemu ya pembeni, 8/10, ni 20. Kila ukuta unabeba 20, zaidi ya uzito wa tufe! Sakafu inabeba 30.

Ongeza upana uwe sentimita 19. Ukuta sasa unabeba karibu 31. Fundi anayedhani nafasi zaidi inapunguzia mbao mzigo atashangaa misumari ikichomoka.

Mtaniambia mtihani hauna muda wa kuchora. Mishale mitatu ni nusu dakika! Sisi wa kompyuta tunaujua ugonjwa huu: mtu ananakili msimbo asioelewa, kisha anakesha akitafuta kosa.

Anayebisha anipe fomula ya kukariri iliyomtolea 20 na 31 bila mchoro. Namsubiri.