Kutu ya ngano: Kuvu iliyobadilishana viini

WAKULIMA wa ngano wa Njoro, Narok na nyanda za juu za Arusha hawahitaji darubini kuitambua kutu ya shina. Vipele vya rangi ya matofali hupasuka juu ya bua, unga wake hushika vidole, na shamba lililokuwa na matumaini wiki tatu kabla ya mavuno hubaki mabua yaliyolala na punje zilizosinyaa. Kinachohitaji darubini, na zaidi ya darubini, ni kueleza jinsi kuvu hiyo ilivyozipata nguvu ilizonazo.

Itakumbukwa kuwa mwaka 1998 mtaalamu wa Uganda, Dk. William Wagoire, aliikuta katika kituo cha utafiti cha Kalengyere ngano iliyoshambuliwa ilhali ilikuwa na jeni ya kinga iitwayo Sr31. Jeni hiyo, iliyotolewa katika nafaka ya rai, ilikuwa imelinda mashamba ya dunia kwa zaidi ya miaka 30. Aina hiyo mpya ya kutu ikapewa jina la Ug99. (Uganda imebebeshwa jina hilo bila haki: aliyeangalia ndiye aliyeandikiwa ugonjwa.) Mwaka 2005 Norman Borlaug, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1970, alionya hadharani kwamba hatari hiyo haitabaki Afrika Mashariki. Hakukosea. Mwaka 2006 ilionekana Yemen, 2007 Iran, 2009 Tanzania na 2014 Misri.

Lakini ilizaliwaje? Jibu lilipatikana mwaka 2019, na linastahili kutazamwa kwa makini kuliko lilivyotazamwa.

Kuvu ya kutu, inapoishi juu ya ngano, hubeba viini viwili katika kila seli, kila kimoja na kromosomu zake 18. Viini hivyo haviungani. Ni mfano wa wapangaji wawili chini ya paa moja, kila mmoja na ufunguo wake. Wataalamu walizoea kuamini kwamba aina mpya hutokea kwa njia mbili kubwa: kuzaana kijinsia, jambo linalofanyika juu ya vichaka vya jamii ya Berberis, au mabadiliko madogo madogo ya vinasaba yanayojilimbikiza polepole.

Watafiti walipolinganisha Ug99 na kutu iliyoingia Australia mwaka 1954, ambayo inaaminika ilitoka kusini mwa Afrika, walikuta kiini kimoja kinafanana takriban kabisa katika zote mbili. Kiini cha pili kilikuwa cha ukoo mwingine. Maana yake ni kwamba kuvu mbili zilikutana, nyuzi zake zikaungana, zikabadilishana kiini kizima. Hapakuwa na kuzaana. Kromosomu 18 zilihama kwa mkupuo mmoja.

Wala si tukio pekee la aina hiyo. Mwaka 2017 ilielezwa jinsi kutu nyingine ya Australia ilivyoishinda jeni ya kinga Sr50. Kinga hiyo huitambua kuvu kwa protini fulani, kama askari amtambuaye mwizi kwa kofia yake. Kipande cha kromosomu chenye herufi zipatazo milioni 2.5 kilitoweka pamoja na maagizo ya kutengeneza protini hiyo, na mahali pake pakawa na nakala ya kipande cha kiini cha pili. Kofia ikavuliwa.

Hapa ndipo suala linapogusa sera. Kwa miaka mingi mbegu mpya zimetegemea jeni moja kubwa ya kinga. Nchini Kenya, mbegu ya Kenya Mwamba ilikuwa na jeni Sr24. Aina ya Ug99 inayoishinda jeni hiyo ilibainika mwaka 2006, na mwaka uliofuata wakulima wakapata hasara. Kulaumu watafiti wa mbegu si haki, kwani hesabu yao ilikuwa sahihi kwa adui anayebadilika polepole. Kwa adui awezaye kuazima kiini kizima, hesabu hiyo haitoshi.

Dawa ni kuziweka jeni kadhaa pamoja ndani ya mbegu moja. Mwaka 2021 watafiti walitangaza ngano yenye jeni tano za kinga zilizofungwa mahali pamoja, lakini hiyo ni kazi ya uhandisi jeni, na kila nchi ina sheria zake. Huko Njoro, ambako ngano za nchi nyingi hupelekwa kujaribiwa dhidi ya kutu, kazi ya kuchanganya kinga kubwa na ndogo kwa uzalishaji wa kawaida imekuwa ikiendelea.

Lipo pia jambo lisilosubiri maabara. Katika nyanda za juu za Kenya ngano mbichi haikosekani kwa muda mrefu: shamba moja likivunwa, la jirani linachipua, na maotea husimama kati ya misimu. Kila jani bichi ni mahali ambapo kutu mbili za koo tofauti zaweza kukutana, kwa hiyo kung'oa maotea si usafi wa shamba tu, na sampuli zinazokusanywa mashambani zinapaswa kusomwa viini vyote viwili.