Nyumba na Jamaa: Mchwa wa Namna Mbili

Mvua za Machi na za Septemba zinapoanza kunyesha mjini Kampala, kumbikumbi huruka kwa wingi na kuzizunguka taa. Watoto hushangilia, maana enswa, kama Waganda wawaitavyo, ni kitoweo kitamu. Lakini kumbikumbi ni mchwa mwenye mabawa. Akitokea katika ufa wa sakafu au darini, huyo ni onyo.

Kwanza asichanganywe na sisimizi mwenye mabawa. Sisimizi ana kiuno chembamba, na mabawa yake ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma. Kumbikumbi hana kiuno, na mabawa yake manne yana urefu ulio sawa.

Mchwa waharibuo nyumba ni wa namna mbili. Wa kwanza ni wa ardhini. Makao yao yamo udongoni, nao hukimbia mwanga na ukavu. Kwa hiyo hujenga njia za udongo zipandazo ukutani kutoka kwenye msingi. Hawa hula miimo ya milango, vitabu, hata sanduku lililowekwa sakafuni pamoja na vyeti vya kazi vilivyomo.

Wa pili ni mchwa wa mbao kavu. Hawa huishi ndani ya ubao wenyewe wala hawana haja ya udongo. Alama yao ni punje ndogo ngumu zenye pande sita, zinazodondoka chini ya kiti au boriti. Unga laini kama poda ni kazi ya mdudu mwingine.

Kila namna ina dawa yake. Kwa mchwa wa ardhini, kuni zisiegemezwe ukutani, bomba livujalo lizibwe, na masanduku yainuliwe juu ya matofali. Kuvunja njia zao hakutoshi. Zikijengwa upya, msingi hauna budi kutiwa dawa na fundi anayeijua kazi hiyo. Dieldrini ya zamani isitumiwe, kwani imo katika sumu zilizokatazwa na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Kwa mchwa wa mbao kavu, dawa ya msingi haiwafikii. Ubao ulioliwa uondolewe na kuchomwa moto.

Katika nyumba ya serikali, habari ipelekwe mapema kwa msimamizi wa nyumba, kabla paa halijalegea. Na amri ya uhamisho ikifika, kila kiti na kitanda kikaguliwe kabla ya kupakiwa garini, jamaa isije ikawahamisha na mchwa.