SOMO LA MKONO, SEHEMU YA 4: "NIMEKATWA MSHIPA." MSHIPA UPI?

Leo tunaanza na jaribio. Gusanisha kidole gumba na kidole kidogo, halafu kunja kiganja kidogo kuja kwako. Umeona kamba imesimama katikati ya kifundo cha mkono? Hiyo ni kano ya msuli uitwao palmarisi longasi. Huioni? Usiogope, hujalogwa. Kuna watu wanazaliwa bila huo msuli na jembe wanashika vizuri tu.

Utafiti wa Hospitali ya Mulago, Kampala, uliochapishwa 2011, ulipima watu 800. Asilimia 4.4 hawakuwa nao, na wengi wao waliukosa mkono mmoja tu.

Sasa kwa nini nawachosha na hili? Kwa sababu chini ya kano hiyo unapita mshipa wa fahamu unaoleta hisia kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati. Kano isipokuwepo, mshipa huo unabaki juu juu, na kwenye kidonda chenye damu unaweza kudhaniwa ni kano. Kiswahili chetu nacho kinatuponza: cha damu, cha kukunja kidole, cha fahamu, vyote tunaita mshipa!

Manesi wenzangu, msimamo wangu ni huu. Mtu akija na jeraha la panga au mundu kifundoni, zuia damu, kisha KABLA ya sindano ya ganzi pima hisia kwenye ncha za vidole na umwambie akunje kimoja kimoja. Ganzi ikishaingia, huwezi tena kujua. Kulinganisha na mkono mzima peke yake hakutoshi, maana mikono ya mtu mmoja inaweza kutofautiana. Andika kwenye faili. Hisia ikiwa imepungua, usiridhike na kushona ngozi: funga bandeji safi, mpe rufaa.

Najua kufika Haydom kwa wengi ni mbali na nauli ni shida. Lakini mkulima asiyesikia vidole atalipa gharama hiyo kila msimu.

Nawe mgonjwa, usione aibu kusema, "Nesi, kidole hiki sikisikii." Sema kabla hujachomwa ganzi.

Wajaribuni watoto na wazee hapo nyumbani, kisha niambieni kwenye komenti nani hana. Sehemu ya 5 tutaongea kuhusu kanula.