Msituambie isimu si ya mkimbizi

Ndugu zetu wa Base Camp, Juru na Rubondo, na ninyi mnaokuja na magari meupe asubuhi mkarudi Mbarara jioni, salamu. Leo tunaandika tukiwa na hasira kidogo, mtuvumilie.

Mmoja wetu alikwenda kuomba ushauri wa ufadhili. Digrii ya kwanza anayo, aliipata kwa jasho. Akasema anataka kusoma uzamili wa isimu, aandike sarufi ya Kibembe, lugha ya mama yake. Mshauri akacheka kwa upole, ule upole unaouma, akamwambia: "Hiyo ni ya watu wenye nafasi. Chagua kitu cha kukusaidia. Uuguzi, kompyuta, biashara." Hatutaji ofisi. Tunajibu hoja, maana tumeisikia kwa watu wengi, hata kwa wazazi wetu wenyewe.

Tuna mama mmoja hapa kwetu. Kwenye mahojiano aliulizwa ana watoto wangapi. Akajibu saba. Faili la zamani lilisema wanne. Akaulizwa tena, akasema saba, tena kwa fahari. Faili likawekwa pembeni kwa sababu maneno yake hayalingani. Lakini yule mama hakudanganya. Watatu ni wa dada yake marehemu, na kwao mama haiti mtoto wa dada yake kwa neno jingine: ni mtoto wake, basi. Alipotoka nje alituuliza tu, "Bananiuliza nini tena? Si nimesema?"

Na linalotuuma zaidi ni hili: mkalimani alikuwa mwenzetu. Alitafsiri sawasawa, neno kwa neno. Saba ni saba. Hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba maneno ya ukoo ni mfumo, kwamba kila lugha inaukata ukoo kwa kisu chake, na kwamba jambo hilo lina somo lake chuoni, lina vitabu, lina mitihani. Yeye alipewa fulana na posho ya kujitolea, akaambiwa: wewe si unajua Kibembe? Kaa hapo.

Isimu fafanuzi ndiyo somo lenyewe. Haimfundishi mtu kusema vizuri. Inakaa na wasemaji, inasikiliza, inaandika lugha jinsi ilivyo: sauti zake, toni, ngeli, vitenzi vinavyonyambuliwa, maana zinazojificha. Mfano mdogo. Kwa Kinyarwanda, andika *inda*. Ni tumbo au mimba, na pia ni chawa. Kinachozitenga ni jinsi sauti inavyopanda na kushuka, na maandishi ya kawaida hayaonyeshi hilo. Msemaji hakosei kamwe. Anayekosea ni yule atakayesoma karatasi kesho kutwa kituo cha afya. Au chukua Kiswahili chetu cha Kongo: mtu akisema "sisikie Kiingereza" hana shida ya masikio, anasema haelewi. Mambo haya tunayacheka jioni, lakini kwenye faili hayachekeshi.

Mtasema lugha zetu zimeshasomwa. Ni kweli, baadhi. Kifuliiru kina sarufi ya mijalada miwili minene ya Karen na Roger Van Otterloo, ilitoka 2011. Juu ya Kibembe iliandikwa tasnifu ya udaktari Newcastle, Uingereza, mwaka 2015. Hatuna ugomvi na walioandika. Kazi nzuri ni kazi nzuri, na tungependa kuisoma kama ingefika huku. Tunachosema ni hiki: angalieni nani anakaa upande gani wa kinasa sauti. Sisi tunakijua kile kiti cha plastiki. Mgeni anakuja na orodha ya Swadesh, ile ndefu ya maneno kama 200: mkono, jicho, maji, jiwe, majivu. Humo mna barafu na theluji pia. Mzee wa Fizi akiulizwa theluji kwa lugha yake anamtazama mgeni kwa huruma. Soda inaletwa, mgeni anaondoka, anapata masta. Sisi tunabaki kwenye ukurasa wa shukrani, mara nyingi bila jina.

Na msidhani haya ni mambo ya vitabu tu. Huko Ulaya lugha ya mwomba hifadhi inarekodiwa na kuchambuliwa ili kuamua kama kweli ametoka anakosema. Uingereza ilifanya hivyo kwa Wabajuni, wasemaji wa Kiswahili cha visiwa vya kusini mwa Somalia. Kosa likitokea, mtu anaambiwa hatoki kwao. Mwaka 2004 kundi la wanaisimu lilitoa mwongozo juu ya kazi hiyo, na moja ya hoja zake ni kwamba kuizungumza lugha si sawa na kuwa mtaalamu wake. Hoja hiyo ni ya haki, tunaikubali kabisa. Ila tazameni inatuacha wapi. Tukitoa ushahidi kama wasemaji, tunaambiwa hatuna utaalamu. Tukitaka utaalamu, tunaambiwa someni kompyuta.

Wengine wanasema hili halijawahi kufanyika, mtu wa kwetu kuwa mwanaisimu. Someni. Kahombo Mateene, Mnyanga wa Kongo, alishirikiana na Daniel Biebuyck kuchapisha utendi wa Mwindo mwaka 1969. Akaandika sarufi ya lugha yake. Baadaye akaongoza ofisi ya lugha ya OAU, na ofisi hiyo ilikuwa Kampala, hapa hapa Uganda. Huyo hakukaa upande wa soda peke yake.

Najua wapo watakaosema: posho imekatwa, watoto wanalala na uji, ninyi mnazungumzia irabu. Hiyo hoja tunaiheshimu, maana nasi tunakula chungu hicho hicho. Lakini nani anaamua mama anaingia kundi gani la posho? Mahojiano. Yanafanyika kwa lugha gani? Haya.

Shule je? Tangu 2007 mtaala wa Uganda unataka mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu afundishwe kwa lugha ya eneo. Sera nzuri. Eneo letu ni Isingiro, lugha yake Runyankole. Mtoto wa Kibembe anaruka kutoka lugha ya nyumbani hadi Runyankole ama Kiingereza bila ngazi, na hakuna wa kuitengeneza hiyo ngazi kwa sababu aliyetaka kuandika sarufi alipelekwa kwenye biashara.

Ufadhili wa DAFI, ulioanza 1992, umewasomesha wengi wetu na tunaushukuru. Ni wa digrii ya kwanza. Baada ya hapo ni korongo. Chuo kikuu cha serikali kilicho jirani ni MUST pale Mbarara, na jina lake lenyewe linataja sayansi na teknolojia. Uzamili wa isimu upo Makerere, na Kampala si mahali pa kwenda na kurudi kwa boda. Kwa hiyo ninyi wa magari meupe, mnapopanga bajeti ya "lugha na mawasiliano", msiimalize kwa fulana za wakalimani. Tengeni nafasi moja ya uzamili. Moja tu kwa mwaka. Na mtafiti akija na kinasa sauti, tunamuuliza kabla ya soda: nani kati yetu atarudi nawe chuoni?

Mwenzetu hajasubiri. Kila Jumamosi anakaa na yule mama mwenye watoto saba, simu moja ya kurekodi na daftari la mistari. Wiki iliyopita walijaza kurasa nne, maneno ya ukoo peke yake: dada wa baba, mtoto wa mjomba, mke wa marehemu kaka. Mama ndiye anamsahihisha toni, na akikosea mara tatu anamfukuza akachote maji kwanza. Mwenye kinasa sauti kisichotumika, alete.