Dakika hamsini bila mnyama

Jamani, ukipata saa moja na bando ya kutosha, tafuta katuni ya Kurzgesagt, studio ya Munich, Ujerumani. Inaitwa 4.5 Billion Years in 1 Hour, ilitoka 2023. Ni historia yote ya Dunia kwa kasi moja: kila sekunde inabeba zaidi ya miaka milioni moja.

Najua wengine watasema inachosha. Kwa dakika kama hamsini huoni mnyama; ni lava, bahari, barafu na bakteria. Dinosau wanaingia zikibaki dakika tatu hivi. Mimi nasema kuchoka huko ndiko somo lenyewe.

Sisi waandishi wa programu tunajua grafu inaweza kudanganya bila namba hata moja kuwa ya uongo. Unavuta tu mhimili upande unaoupenda. Filamu ikiruka mabilioni ya miaka ili iwahi dinosau, mtazamaji anabaki akidhani Dunia ilikuwa inatungoja sisi. Hawa jamaa hawakuugusa mhimili.

Mchukue Kijana wa Turkana, ambaye kipande chake cha kwanza kiliokotwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984. Ana miaka kama milioni 1.5, nasi tunamwita wa kale. Kwa kipimo hiki yuko ndani ya sekunde mbili za mwisho. Binadamu wa sura yetu, wa miaka 300,000 hivi, ni robo sekunde. Ukipepesa jicho umetukosa.

Waonyesheni watoto yote, bila kupeleka mbele.